Kikoti cha Meneja

Jumatano, tarehe 6

Mdogo wangu,

Lori la kambi yenu ya wapima ardhi linaondoka kesho alfajiri, na barua isiyowahi italala hapa hadi Jumatatu. Basi nianze na lile unalotaka kulijua kabla ya salamu. Meneja yu hai. Alipasuliwa jana asubuhi. Daktari wa mifugo alimtoa tumboni uzi wenye urefu wa kutoka ncha ya kidole changu hadi kiwiko, uliokuwa umeuvuta utumbo na kuukunja kama kamba inavyoukunja mdomo wa mfuko. Angechelewa siku moja, alisema, nisingekuwa na paka wa kukuandikia habari zake.

Uzi ni wa mama. Nimelizungusha jambo hili kichwani tangu jana nikitafuta namna nyingine ya kulisema, sikuipata. Nyumba yetu imekuwa ya cherehani tangu kabla hatujazaliwa, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kipande cha uzi kilichoachwa sakafuni. Sasa kimeachwa. Likizo yangu inakwisha Jumapili ya tarehe 17. Kesho yake narudi chuoni kufundisha, na kuanzia siku hiyo ama mama atashinda peke yake hapa kama zamani, ama hatashinda peke yake tena. Ulipoondoka tulikubaliana kwamba tutaamua baada ya kuona. Naogopa kwamba tumeanza kuona, ingawa najua pia kwamba mwenye hofu huona haraka kuliko inavyopasa.

Mgonjwa wako tumemweka katika chumba chako. Kitanda nimekisukumia ukutani na viti nimevitoa, kwa kuwa haruhusiwi kuruka. Dawa anapewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, mara mbili kwa siku. Daktari alimvisha kola ya plastiki, mfano wa faneli, ili asilifikie jeraha kwa ulimi. Tulipofika nyumbani alitembea nayo kinyumenyume hadi akakwama chini ya meza, akatoa sauti ambayo sikujua paka anayo.

"Mvue hiyo ndoo," mama akasema. "Hata mfungwa huachiwa kuona anakopelekwa."

Akakaa kwenye cherehani. Kwa saa moja alikuwa amelikata shati lako la njano, lile la shule, na kulifanya kikoti: matundu manne ya miguu, vifungo mgongoni, na nafasi ndogo tumboni ili mshono upate hewa. Kilimkaa sawasawa. Jioni hii, nilipokuwa nikimfunga vifungo, nikaona nyuzi mbili za buluu zimechomoza kwenye pindo la ile nafasi. Nikachukua mkasi wa mama nikazikata hadi shinani, kama alivyotufundisha: uzi unaoning'inia ni ulimi unaomsema fundi. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, akitazama. Nalitaja kwa sababu moja tu. Uzi wa buluu kwenye kitambaa cha njano. Mama wa miaka mitano iliyopita angekufa kwanza.

Nimeagizwa kulikagua jeraha asubuhi na jioni, nitazame wekundu, uvimbe na majimaji. Nitakuambia ukweli: kazi hiyo nimemwachia mama. Yeye damu haimtishi. Mimi nimelitazama kwa upande wa jicho, mara moja, nikaona ngozi iliyonyolewa na nikageuka. Mama anasema ni safi. Kama macho yake yanatosha kusema hivyo, hilo ndilo ninalolala nalo.

Dada yako


Ijumaa, tarehe 8

Dada,

Dereva ananisubiri huku akipiga honi kama anayebeba bibi harusi, kwa hiyo mwandiko utausamehe.

Nimeisoma barua yako mara nne, juu ya jiwe la kupimia, na wenzangu wakadhani nimefiwa. Nimewaambia ni paka. Mmoja akauliza, "Paka ana barua?" Nikamjibu huyu ni Meneja, ana hata ofisi. Tangu hapo kila asubuhi wananiuliza Meneja ameamkaje, na hawacheki.

Mshike mkono wa kushoto ukimpa dawa, ndio anaokwaruzia. Akikataa chakula, kipashe moto kidogo kisha ondoka chumbani. Hapendi kutazamwa akila, ni mtu wa heshima zake. Na tafadhali, dada, litazame jeraha mwenyewe. Najua hupendi. Ulizimia nilipopasuka goti, ukaniacha nikikupepea wewe. Lakini macho mawili si kama manne.

Sasa neno ambalo nilikuwa nimelifunga. Mwezi uliopita mama aliacha pasi juu ya meza, ikiwa moto, akaenda sokoni. Niliikuta imeshaunguza kitambaa na kuanza mbao. Aliniomba nisikuambie. Alisema, "Dada yako akijua atanifanyia mtihani." Nikacheka, nikanyamaza. Leo sijui kama nimetunza siri au nimetunza moto. Usimwambie kwamba nimesema.

Mdogo wako, wa vumbini


Jumapili, tarehe 10

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika jana adhuhuri. Ningependa kukuandikia kwamba haikubadili namna ninavyomtazama mama, lakini tangu jana nimekuwa nikimtazama, naye ameliona hilo.

Leo baada ya chai nilisikia sauti ya kulamba, ndefu, ya mfululizo. Nikafungua mlango. Meneja alikuwa amejikunja, kikoti kimelowa tumboni, na kwenye ile nafasi ngozi ilikuwa imeachana. Sitaandika nilichokiona ndani. Nitasema tu kwamba safari hii sikugeuka, na kwamba namba ya daktari niliikosea mara mbili, mama akaibonyeza.

Daktari alimshona tena. Tabaka la ndani lilikuwa limeshika, na hiyo ndiyo bahati yote tuliyo nayo. Kisha akaniita pembeni. Akanionyesha kipande cha uzi kwenye kibano.

"Nani amekata mafundo haya?"

"Amelamba," nikasema.

"Kulamba ni baadaye. Ulimi hauachi ncha kama hii. Huu ni mkasi, na mkali. Mikia ya nyuzi huwa naiacha mirefu kwa makusudi. Ukiikata shinani fundo linateleza na kujifungua. Mawili yamefunguka, akapata pa kuanzia."

Mdogo wangu, nyumbani tuko watu wawili. Mmoja hathubutu kulitazama jeraha. Mwingine hulitazama mara mbili kwa siku, na kwa miaka arobaini hakuwahi kuona mkia wa uzi asiukate. Nafundisha mantiki, nawaambia wanafunzi kwamba hitimisho lisilo na mshindani lazima litiliwe shaka hasa kwa sababu hiyo. Nimelitilia shaka njia nzima ya kurudi. Halikusogea.

Nilimuuliza jikoni, kwa upole kadiri nilivyoweza.

"Mama, ulipokuwa ukimkagua, ulikata kitu?"

"Mimi? Kukagua ni macho, si mkasi."

"Labda uliona nyuzi zinaning'inia, ukazisafisha tu."

"Sikugusa."

"Fikiri vizuri, mama. Hakuna atakayekasirika."

Maji yalichemka yakamwagikia jiko, hakuna aliyeyaepua. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi madogo, "Labda."

Neno hilo limenitisha kuliko jeraha. Mikasi yote mitatu nimeifungia kabatini na ufunguo ninao shingoni. Meneja ana homa. Daktari anasema siku tatu hizi ndizo zitakazoamua. Asipokula kufikia Jumatano, tusijidanganye. Kola ya plastiki imerudi, na yeye hana nguvu hata ya kuipinga.

Kuna nyumba ya kutunzia wazee karibu na chuo. Nitakwenda kuitazama. Kutazama tu.

Dada yako


Jumanne, tarehe 12

Dada,

Usiende. Kama umekwenda, rudi. Usitie saini kitu chochote.

Nimekaa na barua zako mbili magotini usiku kucha, na sasa zimekaa kando kwa kando juu ya meza ya ramani, na mimi si mtu wa mantiki, mimi ni wa kupima tu: narudi kwenye alama ya kwanza na kusoma upya. Hii hapa alama ya kwanza, ya Jumatano, kwa mkono wako mwenyewe: "nikaona nyuzi mbili za buluu zimechomoza kwenye pindo la ile nafasi. Nikachukua mkasi wa mama nikazikata hadi shinani."

Nyuzi mbili. Mafundo mawili.

Dada, unamjua mama. Aliifumua sare yangu usiku wa kuamkia mtihani kwa sababu uzi wa pindo ulikuwa mweupe wa maziwa na kitambaa kilikuwa cheupe cha chaki. Macho yake yakifa kabisa atapapasa kopo na kuutoa uzi wa njano kwa kuunusa. Mama hawezi kushona shati langu la njano kwa uzi wa buluu. Ungetilia shaka hilo kabla ya kumtilia shaka yeye.

Hukuniambia uzi wa daktari ni wa rangi gani. Kwa hiyo sisemi kitu. Nauliza tu. Nenda kaulize: ni wa rangi gani?

Na lile la pasi, laiti ningelimeza. Nimekupa kuni wakati ulipokuwa ukitafuta moto.

Wanasema mto unapanda. Dereva anasema atajaribu.

Si mama. Nakuandikia neno hili tena peke yake ili usilikose: si mama.

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 13

Mdogo wangu,

Lori lenu halikuja jana wala leo. Ofisini kwao wanasema daraja limefunikwa na maji. Naandika bila kujua kama umeyapata ya Jumapili, na pengine ni nafuu, kwa maana sijui kama ningetaka kusoma jibu lako.

Meneja hakula. Nimempasha moto, nimeondoka chumbani, nimerudi. Chakula kiko vilevile, na juu yake kumetanda ngozi nyembamba. Analala amefungua macho. Nikimgusa sikio ni la moto. Kila ninapofika mlangoni husimama kwanza kuhesabu mbavu zinapanda mara ngapi, kwa kuwa siwezi kuingia kabla sijajua.

Mama haingii kabisa. Husimama kwenye korido, mikono ameiweka nyuma, kama mtoto aliyeambiwa asiguse vitu vya dukani. Jana niliangusha kofia ya bomba la dawa karibu na mguu wake. Hakuinama.

"Niokotee, mama."

"Okota mwenyewe. Mimi siiamini hii," akasema, na hakuonyesha kofia bali mikono yake.

Nimekwenda kule kwenye nyumba ya wazee. Chumba kina dirisha moja, sakafu inang'aa, na mhudumu aliongea nami kwa sauti ambayo watu huitumia msibani. Akauliza, "Mama ana hatari yoyote?" Nikajibu, "Hukata vitu." Nililisikia likitoka. Ameandika. Jumapili mchana wanamtarajia, kwa mwezi mmoja wa majaribio.

Nilipomwambia mama nilitegemea ugomvi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alisema, "Nipeleke. Nisije nikammaliza paka." Kisha akauliza kama kule wanaruhusu cherehani, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: "Hapana, ina sindano."

Nafanya jambo sahihi. Nimeliandika hilo ili nilitazame likiwa nje ya kichwa changu, na bado halinitulizi. Daktari anakuja kesho asubuhi kumwona Meneja. Ameniomba nijiandae.

Dada yako


Ijumaa, tarehe 15

Mdogo wangu,

Ni wa buluu.

Barua yako ililetwa jana mchana na dereva mwenyewe, viatu amevishika mkononi, miguu ina tope hadi magotini. Aliniambia, "Nimeambiwa nisimpe mtu mwingine, na nisubiri hadi uisome." Nikaisoma nimesimama mlangoni huku akinitazama. Nadhani atasimulia huko kambini kwamba dada yako alikaa chini kwenye ngazi.

Sikuhitaji kwenda kuuliza. Mishono mipya niliiona kwa macho yangu tangu Jumapili, na siku hiyohiyo niliuona uzi wa zamani kwenye kibano cha daktari, nusu hatua kutoka usoni pangu. Buluu iliyokolea. Niliuona, na akili yangu, iliyokuwa imeshampata mkosaji, haikuwa na kazi nao. Kama ningelitazama jeraha siku ile ya kwanza ningejua nyuzi zile zinatoka wapi. Sikulitazama kwa sababu naogopa damu. Na kwa kuwa sikulitazama, niliona kosa la mama mahali palipokuwa na kosa langu.

Nilikwenda kumtafuta. Alikuwa chumbani kwake anakunja nguo za kwenda nazo, chache, akizipanga upya kila zikifika nne. Nikakaa kitandani.

"Mama, Jumatano ile nilipokata nyuzi kwenye kikoti, ulikuwa nyuma yangu. Uliona?"

"Niliona."

"Uliona ninakata nini?"

"Niliona si uzi wangu. Wangu ulikuwa wa njano."

"Mbona hukunizuia?"

"Daktari alizungumza na wewe, hakuzungumza na mimi. Nikajiambia, mwenye kusoma anajua anachokata."

Nikamwambia siku zote amenicheka kwa kusoma, iweje aniamini siku hiyo moja tu. Hakucheka.

"Na Jumapili, mama? Nilipokuuliza, kwa nini hukusema ni mimi?"

Akaikunja blauzi, akaikunjua. "Jumapili ulinitazama kama hakimu. Nikarudi nyuma kujitafuta. Nikasema pasi niliisahau, uzi niliuangusha, basi na hili huenda nimelifanya, na lile la kwako nimeliota. Ukiulizwa mara tatu na mtu anayekupenda, unaanza kukumbuka."

Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Meneja: daktari alikuja jana asubuhi, akabadilisha dawa, hakuahidi kitu. Jioni mama aliingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alimvua kola ile bila kuniuliza. Akakaa sakafuni, mgongo amempa paka, uso ameelekeza ukutani, na kuanza kumsema. Kwamba meneja gani anayelala kazini. Kwamba watu wa kambini wanauliza habari zake naye hana hata haya. Aliendelea hivyo kwa muda wa kuchemsha maharage. Halafu tukasikia kibakuli kinasogea kwenye sakafu. Hakuna kati yetu aliyegeuka. Tulikaa tumetazama ukuta kama watu waliofungiwa, tukisikiliza.

Amekula vijiko viwili. Leo asubuhi vitatu. Homa imeshuka ila haijaondoka, na mimi bado nahesabu mbavu mlangoni. Mishono itatolewa tarehe 22 kama Mungu akipenda na kama mikono yetu itajizuia.

Kule kwa wazee nimelifuta jina lake. Usidhani nimehitimisha kwamba mama ni mzima kama zamani. Pasi ni kweli, na uzi sakafuni ni kweli, na yatakuja mengine. Nimehitimisha jambo dogo zaidi, kwamba sifai kuwa hakimu nikiwa peke yangu. Kuanzia Jumatatu nitakuja kula mchana nyumbani. Ukirudi tutakaa watatu, na yeye awe mmoja wa watatu hao.

Ameomba aisome barua yako. Nimempa, na ufunguo wa kabati nimemwekea juu yake. Ameniambia nisiifunge bahasha hii, ana neno.

Dada yako


Kitindamimba wangu,

Dada yako ameandika kurasa nyingi, mimi nitaandika kidogo, miwani inanichosha. Paka wako amekula. Amenikwaruza pia, mkono wa kushoto, kwa hiyo ujue anarudi.

Barua yako nimeisoma. Najua nilikuomba usiseme la pasi ukasema. Tutalizungumza ukija, nikiwa nimekaa na wewe umesimama.

Dada yako analia chooni akidhani maji ya bomba yananizuia kusikia. Mwandikie maneno mazuri, usimtanie bado. Aliogopa, na mimi niliogopa, na kila mmoja alimwogopa mwenzake, na mnyama alikuwa katikati.

Nakuomba radhi, barua yako sitaihifadhi nzima. Ule mstari wa chini, wa "si mama", nimeukata. Wakati mwingine huwa naamka na kusahau, na najua zitakuja siku nitasahau zaidi, nikataka kuwa nao karibu, kwa mwandiko wako. Nimeuweka ndani ya kopo la vifungo. Nilikata kwa mkasi wangu, polepole, mkono haukutetemeka.

Mama yako